Usizime Mashine Hii

Fundi Bomba alitoka ofisini saa kumi na moja na robo jioni kwenda kununua karatasi za printa. Hakuna cha zaidi. Bunda moja la karatasi, basi. Ukimwuliza leo atakwambia laiti siku ile angejifanya mgonjwa akabaki kitandani.

Jina hilo walimpa wachimba makaburi. Siku ya kwanza alipofika Ofisi ya Makaburi ya Manispaa walimwuliza anafanya kazi gani, naye akajibu kwa maringo kidogo kwamba anajenga mabomba ya kupitishia data. Kesho yake akakuta ndoo na spana juu ya meza yake. Nyapara wao, mzee mmoja mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akamwonyesha sinki linalovuja. "Mabomba ni mabomba, mwanangu," akasema. Wakacheka mpaka wakakohoa, na jina likamganda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jioni, hospitali tano zilipaswa kuleta majina ya marehemu wanaozikwa kesho. Zamani karani aliyapokea kwa simu na kuyaandika kwa mkono, na siku moja akazipa familia mbili shimo moja. Usiniulize ilikuwaje. Watu walikunjana mashati mbele ya majeneza mawili. Ndipo Mkuu wa ofisi akaamuru iandikwe programu, jobu kama wenyewe mafundi wanavyoiita. Saa kumi na mbili kamili jioni jobu iyavute majina kutoka hospitali zote na kuyamwaga kwenye hifadhidata ya ofisi, aina ile wanayoiita SQL, iliyokaa kwenye seva chumba cha nyuma. Kila jina mstari wake, kila mstari namba yake ya shimo, na mbele yake neno ANASUBIRIWA. Printa itoe orodha, Nyapara aichukue, watu wake wachimbe alfajiri. Jioni ya pili jobu ipite tena juu ya mistari ya jana, ibadilishe neno liwe AMEZIKWA. Kazi imeisha.

Jobu ilikuwa tayari. Hifadhidata ilikuwapo. Shida ni kwamba vilikuwa haviongei. Hifadhidata ile ilikuwa kuukuu, na ili jobu iingie ndani ilihitaji plagini, yaani kijiprogramu cha kusimama katikati kama mkalimani. Fundi Bomba alikuwa ameshajaribu plagini saba. Zote saba zilimrudishia maneno yale yale mekundu: MUUNGANISHO UMEKATALIWA. Wiki mbili nzima! Mkuu alikuwa akipita mezani kwake akiguna bila kusema kitu, na mguno huo unauma kuliko matusi. Mwisho aliopewa ni Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ndiyo maana dukani, akisubiri karatasi, alikuwa akimlalamikia Mama yake kwenye simu.

"Imenishinda, Mama. Nimejaribu zote."

"Umekula?"

"Mama, nazungumzia kazi."

"Na mimi nazungumzia tumbo. Mtu mwenye njaa ataunganisha nini? Ukirudi niletee sabuni. Ya mche, umesikia? Si hiyo ya unga inayonichubua."

Simu ikakatwa. Fundi Bomba akacheka peke yake. Hakuwa na mtu mwingine duniani, na Mama naye hakuwa na mwingine. Vyumba vyao viwili viliwatosha.

"Hifadhidata ya zamani hiyo..."

Sauti ilitoka nyuma yake, karibu mno. Akageuka. Mwanamume wa makamo, amevaa koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hadi kooni, na jioni ile watu wote walikuwa wanajipepea kwa joto. Alinuka. Si jasho. Alinuka utambi wa taa ya mafuta uliozimwa sasa hivi.

"Samahani, nimesikia bila kukusudia," akasema kwa kunong'ona. "Hizo za zamani hazitaki plagini za siku hizi." Akatoa flashi nyeusi. "Hii zinaielewa. Nimeunganisha ofisi nyingi kwa hii."

"Bei gani?"

"Chukua tu."

"Cha bure mimi nakiogopa, kaka."

"Basi tutaonana ukishamaliza. Ila usisahau kuijaribu kwanza, kabla hujaiachia."

Ushauri mzuri. Fundi yeyote angekupa ushauri huo huo. Fundi Bomba akageuka kulipa karatasi, na aliporudisha macho mtu hayupo. Mwenye duka alikuwa amekunja pua. "Nani kazima mshumaa humu ndani?" akauliza.

Najua unachotaka kusema. Flashi ya mtu usiyemjua unaichomeka kwenye mashine ya ofisi? Hata yeye anajua. Bango la kukataza jambo hilo lilikuwa ukutani, na aliyelibandika ni yeye mwenyewe. Lakini wewe hujaguniwa wiki mbili.

Akaichomeka.

Sasa sikia kosa lilipo, maana si flashi peke yake. Fundi akitaka kujua kama bomba linapitisha, anaandika mtu wa uongo, anampitisha, anaangalia kama ametokea upande wa pili. Kila fundi ana jina lake la kujaribia. Wengine huandika Jaribio Jaribio. Fundi Bomba, tangu chuoni, vidole vyake vilizoea jina moja tu, la Mama. Majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa. Alishamfanya Mama mwanafunzi wa sheria, abiria wa ndege, mteja wa benki, mgonjwa wa meno. Mama alikuwa akiambiwa anacheka mpaka machozi. "Nimesafiri sana mwaka huu," anasema.

Jioni ile, bila kuwaza hili wala lile, akamfanya marehemu.

Na alipaswa kumjaribia kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye yenyewe. Nakala ilikataa. Akasema mara moja tu, nitafuta. Akaelekeza plagini kwenye hifadhidata ya kweli na kubonyeza.

Kijani.

IMEUNGANISHWA.

Mama akatokea upande wa pili, mstari wa arobaini na moja, shimo namba mia mbili na kumi na mbili, ANASUBIRIWA. Fundi Bomba akaruka kwenye kiti akapiga vigelegele. Mkuu akaja mbio, akaona kijani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaita ofisi nzima waje waone. Nyapara akaja na spana akamkabidhi kama zawadi. Makofi, vicheko, kelele. Mkuu akamwambia nenda nyumbani ukapumzike, unastahili. Akaondoka akiimba. Njiani akanunua sabuni, na kwa furaha ile akanunua ya unga.

Saa kumi na mbili kamili jobu ikaamka yenyewe. Printa ikatoa orodha. Mstari wa arobaini na moja ulikuwamo.

Asubuhi ya Ijumaa alishangaa kuamka kabla ya Mama. Haijawahi kutokea. Mama huamka gizani, anagonga masufuria makusudi ili mtu asilale. Siku hiyo kimya. Fundi Bomba akaingia chumbani kwake.

Mama alikuwa amelala chali, mikono ubavuni, kanyooka. Macho wazi.

"Nimeota nimelala mahali pembamba," akasema. Sauti ilitoka mbali. "Kila nikitaka kugeuka, ukuta. Huku ukuta, huku ukuta..."

Akamshika miguu. Ilikuwa ya baridi, baridi ya kitu kilichokaa chini. Na katikati ya vidole vya miguu palikuwa na udongo. Udongo mwekundu, mbichi. Sakafu yao ni ya saruji, na Mama hakuwa ametoka nje.

Daktari aliyekuja alisema ni uchovu, akaandika vidonge na kuondoka. Mchana Mama hakuweza kuinua kichwa. Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Nyapara.

"Fundi Bomba, bomba lako limetuchimbisha shimo la bure. Mia mbili na kumi na mbili. Hakuna aliyekuja kuzika. Nimepiga hospitali zote tano, hawamjui. Hebu nikusomee jina..."

Akamsomea. Yote matatu.

Fundi Bomba hakukumbuka kuaga. Alimkumbuka jirani tu, akamwomba akae na Mama, kisha akakimbia.

Nyapara alimngoja getini. Alipoambiwa jina lile ni la nani hakucheka, na mzee yule alikuwa anacheka hata mazikoni.

"Udongo wake mwekundu?" akauliza.

"Kati ya vidole."

Nyapara akashusha pumzi. "Mimi nilianza hapa kama kibarua. Nyapara aliyenitangulia alinihadithia mambo ya karani mmoja wa daftari, zamani, kabla ya umeme. Akiandika jioni, kwa taa ya mafuta. Ikaonekana anaandika majina ya watu walio hai kabisa, wanaotembea. Mashimo yanachimbwa, na kabla ya siku ya pili kwisha, yana wenyewe. Wakamfukuza."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hakuna aliyejua alikwenda wapi. Koti lake la kijivu ndilo walilokuwa wakilikumbuka."

Fundi Bomba akatazama mkononi. Saa yake ilisema kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili jobu ingepita juu ya mistari ya jana kuandika lile neno la pili.

"Fukieni hilo shimo," akasema. "Sasa hivi. Mimi naingia ndani."

Chumba cha seva kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Kiti kimoja cha fundi, kingine cha mgeni, mashine inayovuma. Akaketi mbele ya seva yenyewe, akafungua jedwali, akautafuta mstari wa arobaini na moja. Akaufuta.

Ukafutika.

Ukarudi.

Akaufuta tena. Ukarudi tena, herufi moja moja, taratibu, kama kuna mtu anaandika kwa kalamu. Akaondoa plagini, akaifuta kabisa. Kijani kikabaki pale pale. IMEUNGANISHWA. Akachomoa waya unaotoka nje kwenda hospitali, akaushika mkononi, ncha yake inaning'inia.

IMEUNGANISHWA.

Simu ikaita. Nyapara, anahema. "Tunatupa udongo, mwanangu. Watu sita. Halijai. Tunatupa... na halijai."

Ikaita tena. Jirani, analia. "Njoo, njoo haraka. Mama anataka kusema kitu, na kila akifungua mdomo unatoka udongo."

Kisha mvumo wa mashine ukapungua. Na harufu ikaingia.

Utambi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgeni, vifungo hadi kooni. Mlango haukuwa umefunguliwa.

"Umemaliza," akanong'ona. "Nilisema tutaonana."

"Mtoe Mama yangu humo."

"Mimi sikumwandika."

Kweli. Na ukweli huo ulimchoma Fundi Bomba kuliko kisu. Ni vidole vyake mwenyewe.

"Shimo lililochimbwa lazima lipate mtu," yule akaendelea, kwa upole kabisa. "Lakini jina linabadilika. Andika lingine mahali pake. Lolote. Huyo Mkuu wako, kwa mfano... amekugunia wiki mbili."

Nitakwambia ukweli, Fundi Bomba si malaika. Alimfikiria Mkuu. Alimfikiria kwa muda wa kutosha mpaka akajionea aibu. Mkuu naye ana mtu anayemwagiza sabuni.

"Siandiki mtu."

"Dakika nne," yule akasema.

Fundi Bomba aliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, na kilikuwa kinapanda. Mama alifua nguo za watu miaka kumi na tisa ili yeye asome kompyuta. Ndiyo maana ngozi ya mikono yake haivumilii sabuni ya unga. Miaka kumi na tisa! Halafu leo aondoke kwa sababu ya mstari wa majaribio? Aondolewe na karani aliyefukuzwa kazi?

"Potelea mbali," akasema kwa sauti. "Wewe na taa yako."

Na hasira ikamfungua kichwa.

Ndani ya hifadhidata kuna sheria moja ambayo kila fundi anafundishwa wiki ya kwanza. Ukitaka kubadilisha mstari, sharti uushike. Ukiushika, umeufunga. Mpaka useme nimemaliza, hakuna mwingine anayeweza kuugusa, awe karani, awe Mkuu, awe nani. Ni kama choo cha ofisi chenye komeo moja. Aliyetangulia ndiye mwenye choo, wengine wakae foleni. Mafundi huogopa sana kusahau kusema nimemaliza, maana kazi zote nyuma yako zinakwama. Ni kosa la kufukuzwa nalo kazi.

Mtu huyu alikuwa ameingia kwa mlango wa hifadhidata. Basi sheria za nyumba zinamhusu.

Fundi Bomba akafungua jedwali upya. Akaushika mstari wa arobaini na moja. Akaandika badiliko dogo lisilo na maana, nukta moja tu mbele ya jina la Mama. Na pale anapopaswa kusema nimemaliza... akanyamaza. Akaweka mikono mapajani.

Saa kumi na mbili kamili.

Jobu ikaamka. Mistari ya jana ikaanza kupita kwenye skrini. Wa kwanza, AMEZIKWA. Wa pili, AMEZIKWA. Ishirini. Thelathini na tano. Thelathini na tisa. Arobaini.

Arobaini na moja...

INASUBIRI.

Yule wa koti akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuonekana mpole. Akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye skrini, na baridi ikaenea chumba kizima mpaka pumzi ya Fundi Bomba ikawa inaonekana. Ndani ya mashine, ndani kabisa, kitu kikagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Fungua," akanong'ona.

Ngo. Ngo. Ngo.

Fundi Bomba akajibu kama anavyojibu mtu yeyote anayegongewa mlango wa choo.

"Kuna mtu!"

Taa ya darini ikafifia, ikawaka, ikafifia.

"Umeme hukatika."

"Kuna betri."

"Betri huisha."

"Nitaleta nyingine."

"Utalala."

"Nitaamka."

Yule wa koti akainama, uso wake ukaja karibu, na harufu ya utambi ikamjaa Fundi Bomba puani hadi machozi. "Mimi nina muda," akanong'ona.

"Na mimi nina kiti," akajibu.

Hajui yule alikaa pale kwa muda gani baada ya hapo. Hakumwondolea macho. Alipopepesa mara moja, kiti cha mgeni kilikuwa kitupu, na mashine imerudia mvumo wake wa kawaida. Skrini haikubadilika. ANAYESUBIRI: 1.

Simu ikaita. Aliiogopa. Aliiacha iite mara tano.

"Hivi wewe mtoto una masikio?" Mama alikuwa anafoka. "Nimeamka nikafue, nakuta sabuni ya unga. Ya unga! Nilikwambiaje?"

Fundi Bomba akalia pale chini, simu sikioni, na Mama akaendelea kumsema kuhusu sabuni.

Imepita miaka mitatu. Ofisi ina hifadhidata mpya, jobu zinapita vizuri, na Mkuu haguni tena. Ila chumba cha nyuma seva ya zamani bado inavuma, imeunganishwa na betri nne, na juu yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME MASHINE HII. Wageni wakiuliza, wanaambiwa kila ofisi ina mashine moja ambayo hakuna anayejua inafanya nini na hakuna anayethubutu kuizima. Wanacheka, wanaelewa. Mkuu alijaribu mara mbili kuipeleka mnadani. Mara zote mbili Nyapara alikaa mlangoni na sepetu yake akasema ana maumivu ya mgongo, hawezi kunyanyuka. Shimo mia mbili na kumi na mbili limezungushiwa mbao. Nyapara anasema mvua inanyesha pande zote za shimo, ndani haiingii hata tone.

Kila jioni saa kumi na mbili mashine inagonga mara tatu. Fundi Bomba anajibu, kisha anakwenda nyumbani.

Angeweza kuishi hivyo, kama si muuguzi wa wiki iliyopita. Alimpeleka Mama kupimwa presha, jambo la kawaida kwa umri wake. Muuguzi akafunga kile kitambaa mkononi, akasubiri. Sifuri. Akabadilisha mkono. Sifuri. Akaleta kifaa kingine, akaweka na vidole vyake mwenyewe kwenye kiwiko cha Mama kutafuta mapigo, akavikaza, akavihamisha, akavikaza tena. Mwisho akacheka cheko la mtu aliyechoka. "Mashine zetu hizi, Bibi! Nenda tu, unaonekana mzima."

Walipofika barabarani Mama akamgeukia. "Kuna jambo hujaniambia," akasema.

Akamwambia. Yote, tangu karatasi za printa. Alisema na lile neno gumu kuliko yote, kwamba aliyemwandika ni yeye. Mama alisikiliza huku anatembea, akiwa ameshika kiwiko chake pale muuguzi aliposhika.

"Nipeleke nikaione," akasema.

Walifika ofisini jua linazama. Nyapara akawafungulia na kusimama mlangoni, kofia mkononi. Mama akaizunguka mashine, akaisoma karatasi, akapapasa vumbi na kuguna kwamba hakuna anayefuta humu. Kisha akavuta kiti cha mgeni, kile kile, akakaa.

"Kitufe cha kusema umemaliza ni kipi?"

"Mama..."

"Ni kipi?"

Akamwonyesha. Mama akanyoosha kidole chake, kile chenye ngozi iliyochubuka miaka mingi, akakiweka juu ya kitufe, kwa wepesi, bila kukibonyeza.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Umefanya vema. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, na ningemtukana zaidi. Lakini siku nitakayochoka, nitakuja hapa kwa miguu yangu na kubonyeza kwa mkono wangu. Si yeye wa kuniondoa. Wala si wewe wa kunizuia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usilie. Nani kasema nimechoka?"

Saa kumi na mbili ikafika. Mvumo ukapungua. Harufu ikaingia taratibu, na ndani ya mashine, ndani kabisa:

Ngo. Ngo. Ngo.

Fundi Bomba alifungua mdomo ajibu, lakini Mama alimwinulia mkono wa kushoto kumnyamazisha. Akaiinamia ile mashine, akaikazia macho, na kwa ile sauti ya kugonga masufuria alfajiri, akajibu mwenyewe.

"Kuna mtu!"

Kidole chake cha kulia kilikuwa bado juu ya kitufe.